Ushuhuda Uliotangulia Dawa

Msikilizaji wangu, nakuita hivyo ingawa unasoma, maana mimi nakuona umekaa mbele yangu kama wanavyokaa wazazi, sogea karibu. Nitakueleza jambo taratibu, na pale usiponielewa nirudishe nyuma bila aibu. Nimezoea kurudishwa nyuma. Kwa miaka mingi hapa Lubumbashi kazi yangu imekuwa kutafiti saratani za watoto, hasa ile ya damu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanyiki kwenye hadubini. Inafanyika kwenye benchi, kando ya mama aliyempakata mtoto wake, nami natafuta maneno.

Tuanze na damu yenyewe. Ndani ya mifupa kuna uboho, na huko ndiko damu inakopikwa kila siku. Chembe nyingine hubeba nguvu, nyingine hupigana na homa, nyingine ndogo kabisa huziba jeraha lisiendelee kuvuja. Katika saratani ya damu, jiko hilo linaharibika. Chembe changa ambazo hazijajifunza kazi yoyote zinazaliana bila kipimo na kujaza nafasi yote, na zile zenye kazi zinakosa pa kukaa. Ndiyo maana midomo ya mtoto inapauka, homa inakuja na kurudi, fizi zinatoka damu, naye analia kwamba mifupa inamuuma. Nyumbani wanasema ni malaria. Wanampa dawa ya malaria, homa inashuka, wanashukuru, kisha inapanda tena.

Ziko saratani nyingine. Uko uvimbe wa taya unaokua upesi hata mtoto anabadilika sura kabla ya mwezi kuandama tena. Uko ule wa jicho, ambao mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha ya simu, mboni moja iking'aa nyeupe. Uko wa figo, ambao mama huugusa kwa kiganja akimwogesha mtoto. Zote hizo nimezitazama, na kila moja ina hadithi zake. Lakini ukiniuliza ni nini hasa nilichokuwa nikitafuta miaka hii yote, jibu langu linaanzia kwa mtoto mmoja wa kike wa barabara ya Kipushi, aliyeugua saratani ya damu.

Kwanza uelewe mwendo wa dawa, maana usipouelewa huo hutaelewa kilichotokea. Wiki za mwanzo ni kali. Mtoto hulazwa, anachomwa sindano za mkononi na nyingine za mgongoni, anameza vidonge. Vidonge hivyo vina tabia moja ambayo mama zetu huipenda: vinaamsha njaa. Mtoto aliyekuja akiwa mifupa mitupu anaanza kudai chakula alfajiri, mashavu yanajaa, tumbo linatoka mbele. Baadaye tunachukua tone la uboho, tunalitazama, na mambo yakienda vizuri hatuoni tena hata chembe moja mbaya. Siku hiyo ni tamu. Hata hivyo chembe chache bado zimejificha mahali ambapo macho yetu hayafiki, na ndizo zinazofanya dawa iendelee kwa zaidi ya miaka miwili, mtoto akionekana mzima kabisa. Anaenda shule, anacheza, anagombana na ndugu zake, na bado anameza vidonge na kuja kuchomwa sindano.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo langu. Watoto waliokuwa na hali mbaya walibaki nasi. Wazazi wao walilala sakafuni, waliuza walichokuwa nacho, hawakuondoka. Waliopata nafuu ndio waliotupotea. Wananenepa, wanacheka, wanaaga, wanapungia mkono getini, hawarudi. Wenzangu wa nje niliokuwa nikizungumza nao kwa simu waliniambia ni umbali na umaskini. Yalikuwa majibu ya kweli, nami niliyaona kwa wengi. Lakini wengine walikaa karibu, nauli walikuwa nayo, na dawa za mwanzo tulikuwa tunawapa bila malipo. Nilifikiri basi hawakuelewa. Na mtu ambaye kazi yake ni kueleza, akiona watu hawakuelewa, hueleza zaidi.

Mtoto huyu alikuja mwanzoni mwa mvua, mgongoni mwa mama yake. Mama alikuwa na asili ya Kasai, babu yake ndiye aliyekuja huku zamani, na mama mwenyewe alikuwa na meza ya vikwembe, yaani vitenge, sokoni na ndiye aliyeongoza kwaya ya wanawake kanisani kwao. Alikuwa na sauti ambayo hata akiuliza choo kiko wapi wodi nzima iligeuka. Baba alikuwa mtu wa familia za hapa hapa tangu zamani, mchoma makaa, aliyekata miti upande wa Kinsevere na kuleta magunia mjini kwa baiskeli. Hakuwa msemaji. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi, vumbi jeusi likiwa limeingia kwenye mistari ya viganja vyake, na hakuthubutu kugusa shuka nyeupe.

Umeme ulikuwa umekatika siku ile, kama ilivyo kawaida. Tuna hadubini ya zamani yenye kioo, tunaiweka dirishani na kuinasa nuru ya nje. Niliitazama damu yake kwa jua la asubuhi lililokuwa likiingia na kutoka mawinguni. Sikuhitaji kutazama sana.

Wiki za mwanzo alilala kimya, uso kwa ukuta. Kisha vidonge vikafanya kazi yake.

"Mama Docta," aliniita asubuhi moja, kabla sijavaa koti, akidai ugali wake, "bukari iko wapi?"

"Bukari saa hii? Jua halijatoka."

"Bukari haina saa."

Muuguzi aliyekuwa akifunga dripu akacheka. "Weye utatumaliza, mutoto. Jana ulikula sombe ya mama wa kitanda ya pili, na samaki yake."

"Haiko mimi," alijibu, amekunja uso kama bibi mzee. "Ni ugonjwa njo inakulaka. Mi naifunguliaka tu kinywa."

Akawa malkia wa wodi. Alimpa kila mmoja wetu jina la chakula. Mimi, kwa kuwa ni mwembamba, niliitwa kapenta, wale samaki wadogo wakavu. "Kapenta anakuya!" ndivyo nilivyopokelewa, na wazazi wengine, watu wenye huzuni zao, walificha vicheko kwa ncha za vikwembe. Sindano ya mgongoni tu ndiyo iliyomnyamazisha. Aliniambia nimhesabie kwa sauti mpaka kumi, na nikifika mwisho kabla ya sindano kutoka, nianze upya, lakini polepole, nisimdanganye.

Kisha ikaja siku ile tamu. Uboho wake ulikuwa safi. Nilikaa na mama na baba kwenye benchi nikaeleza kama ninavyokueleza wewe: ugonjwa hatuuoni, lakini bado umo, dawa itaendelea, wiki ijayo mrudi, na inayofuata, na hivyo hivyo kwa muda mrefu. Nikawarudisha nyuma, wakanirudishia maneno yangu bila kukosea. Mama akanishika mikono yote miwili. "Mama Docta, siku ya Mungu ukuye kwetu ku kanisa. Hatuwezi kunyamaza."

Nilikwenda. Kanisa lao lilikuwa na kuta za bati, viti vya plastiki, na vumbi jekundu lililomwagiwa maji lisipae. Mtoto alivalishwa nguo nyeupe na kubebwa mabegani mwa baba yake, ambaye kwa kawaida, nilivyoambiwa baadaye, hakuvuka mlango ule. Mama aliimba peke yake kwanza, kisha kwaya ikamjibu. Wanawake walileta beseni la unga, chumvi, kuku waliofungwa miguu, wakacheza mpaka mbele. Mchungaji, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akamnyanyua mtoto.

"Mutoto iko namna gani?"

"Iko muzima!" kanisa likajibu.

"Nani alimuponyesha?"

"Mungu!"

"Kwa mikono ya nani?"

Mama akageuka akanyoosha kidole nilipoketi. "Ya bale bote ba hopital!" Watu wakapiga vigelegele hata nikainamisha kichwa. Wazee wa kanisa wakasimama mmoja baada ya mwingine, wote, wakampa mtoto mkono. Mtoto alinikonyeza jicho kutoka kule juu. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Wiki iliyofuata hawakuja. Wala iliyofuata.

Simu ya mama iliita bila kupokelewa. Ya baba ilikuwa imezimwa, nami nilijua kwamba akiwa porini mtandao haumfikii. Nilisubiri kidogo, kisha nikaenda mwenyewe. Njiani niliandaa maelezo yangu, na nitakuambia kwamba niliyapenda. Nilitaka kutumia tanuri la makaa. Unajua namna makaa yanavyochomwa kwetu: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, moto unawashwa ndani na kuachwa uteketee polepole. Moshi ukikoma, mtu asiyejua atasema moto umezimika. Akifukua udongo mapema, hewa inaingia, na usiku mmoja tanuri lote linakuwa majivu. Nilifikiri, kwa familia hii, hakuna mfano ulio bora.

Niliwakuta nyuma ya nyumba. Mama alikuwa akikunja vikwembe vya kupeleka sokoni. Baba alikuwa akitengeneza mnyororo wa baiskeli. Mtoto aliruka kamba, mashavu bado yamejaa, na miguuni alikuwa na viatu vipya vyekundu.

"Kapenta!" alipiga kelele. "Kapenta anafika kwetu!"

Walinipa kiti, walinipa maji. Nikaeleza tanuri langu kuanzia magogo mpaka majivu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaweka mnyororo chini, akajifuta mikono, na mara ya kwanza tangu nimfahamu akacheka, kicheko kidogo kisicho na raha.

"Mama Docta, mi niko muntu wa makala. Unanifundisha moto?"

"Sikufundishi, baba. Natafuta njia ya kusema kwamba ugonjwa..."

"Tunajua," alisema mama. Hakuacha kukunja. "Ulituambia, tukasikia. Iko ndani. Kila siku minamuangalia mu meno, minamuangalia mu miguu. Haiko kujua njo inatushinda."

"Basi ni nini, mama?"

Alikunja kikwembe kimoja, akakifungua, akakikunja tena.

"Nilishatoa ushuhuda."

Nilisubiri aendelee, nikidhani huo ulikuwa mwanzo tu wa sentensi. Kumbe ndilo lilikuwa jibu lote. Akaona sijaelewa, na safari hii ni yeye aliyenieleza mimi. Kanisani kwao, jambo likishatolewa ushuhuda mbele ya watu, na wazee wote wakasimama wakalipokea, limefungwa. Haliombewi tena. Kuliombea tena, au kwenda kulitafutia dawa, ni kama kumrudishia Mungu zawadi mkononi na kumwambia haikutosha. Na tena yeye si mtu wa viti vya nyuma. Yuko mwanamke anayengoja mimba miaka yote hii, na Jumapili ile alimshika mtoto miguu akalia, akisema, kama mtoto huyu amepona basi na mimi nitapata. Yuko mwingine ambaye mumewe alifukiwa na udongo wa machimboni akatolewa hai, hajui kama atatembea. Wote walikuwa wameegemea ushuhuda ule.

"Kama leo banamuona mutoto iko ku foleni ya hopital, batasema nini? Batasema mama wa kwaya iko na bongo. Alisema bongo mbele ya Mungu." Bongo kwetu huku ni uongo.

"Nilimuambia," baba aliingilia, akionyesha baiskeli, "tumubebe mu mufuko ya makala, ku vélo. Bantu bataona ni makala tu."

"Mi siko makala!" mtoto alisema kutoka kwenye kamba yake.

"Utafika na masizi, Kapenta atakuosha."

"Atanichoma sindano na masizi yangu!"

Wakacheka wote wawili, lakini mama hakucheka. Alinionyesha viatu vyekundu kwa kidevu. Alikuwa amejaribu, alisema. Siku ya kwanza ya kurudi aliamka, akamvalisha mtoto, wakatoka. Penye kona ya lami walikutana na wanawake wa kwaya wanatoka kununua unga. Walimwimbia mtoto wimbo wake pale pale barabarani, wakamnyanyua, wakauliza, munaenda wapi asubuhi yote hii, mama? Naye akasikia mdomo wake ukisema, tunaenda kumununulia viatu. Baada ya hapo ilibidi anunue viatu kweli, ili asiwe mwongo mara mbili.

Nilikuwa nimekuja na dawa ya kutojua, na hapa hapakuwa na mtu asiyejua. Palikuwa na neno lililotolewa hadharani, na mwanamke aliyekuwa radhi kuteseka, lakini hakuwa radhi kulivunja mikononi mwa watu waliolishika. Nilimwambia tu kwamba vidonge vya nyumbani nitamletea mwenyewe, lakini sindano za mgongoni siwezi kumchoma jikoni kwake, na kwamba kila wiki inayopita inazipa nafasi zile chembe zilizojificha. Alijibu, "Minajua, Mama Docta," kwa upole mkubwa, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa.

Tukakubaliana jambo moja: niende kwa mchungaji.

Usifikiri nitakusimulia habari za mtu mbaya. Alinipokea vizuri, akanisikiliza, akafuta macho. Aliwahi kuwa fundi wa mitambo machimboni, na aliuliza maswali ya fundi: dawa inaingia wapi, inatokea wapi, kwa nini mgongoni. Nikamweleza kwamba chembe zile hupenda kujificha kwenye maji ya ubongo, ambako vidonge havizifikii vizuri. Aliitikia kwa kichwa.

"Mama Docta, mi peke yangu singesumbuka. Kesho ningemubeba huyu mutoto kwa mikono yangu. Lakini ushuhuda haikupokelewa na mi peke yangu. Wazee bote balisimama. Kufungua, lazima bote bakuwe."

"Basi waite, Pasta. Leo."

"Mumoja iko Mokambo. Alienda kuvusha mahindi. Camion yake iko mu mupaka."

"Wengine hawatoshi?"

"Hawatoshi." Alisema kwa huzuni ya mtu anayesoma sheria asiyoiandika. "Tukifungua bila yeye, atarudi aseme mulifungua nyuma yangu, na kanisa itapasuka. Halafu mama huyu atakuwa njo sababu. Unataka abebe na hiyo?"

Sikutaka abebe na hiyo. Kwa hiyo tulingoja lori la mahindi. Nilipeleka vidonge. Nilimtazama mtoto fizi na miguu, nikamgusa shingo na tumbo, nikakuta hakuna kitu, nikarudi kazini. Nilimpigia mchungaji, naye alimpigia mzee wa Mokambo, mzee alisema kesho. Watu wote katika jambo hili walipendana na kuheshimiana, na wakati ulipita katikati ya heshima hiyo kama maji yanavyopita kwenye vidole.

Mzee alirudi, wakakaa, na uamuzi wao ulikuwa mzuri kuliko nilivyotumaini. Walisema mtoto hatapelekwa kwa siri. Kanisa lenyewe litampeleka, na sare zake, na wimbo, ili mtu yeyote asimnong'onee mama yake. Walisema Mungu aliyeanza kazi kwa mikono ya hospitali hakukatazwa kuimaliza kwa mikono hiyo hiyo.

Niliwasikia kabla sijawaona. Walikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, kwaya mbele, wanawake wa nguo za rangi moja, wazee na suti zao za Jumapili ingawa ilikuwa katikati ya wiki. Walinzi wa geti walivua kofia. Wagonjwa walijikongoja mpaka madirishani. Mama aliimba mbele yao wote, uso wake umefunguka kama sijawahi kuuona, na mtoto alikuwa mgongoni kwake, shavu limelala begani.

Nilimwendea. Hakuniita Kapenta. Alifungua jicho moja akalifunga. Nikamshika mguu uliokuwa ukining'inia juu ya kiatu chekundu, na pale juu ya kifundo niliona madoa madogo mengi ya zambarau, kama mtu alimnyunyizia wino. Siku chache kabla, sikuwa nimeona hata moja. Wimbo uliendelea kuzunguka vichwa vyetu. Mama alinitazama machoni huku akiimba, na akaendelea kuimba, mpaka mwisho wa ubeti, kisha sauti yake ikakatika, na wale wa nyuma, wasiojua, wakaendelea bila yeye.

Nilitazama damu dirishani. Chembe zilikuwa zimerudi, zimejaa.

Ugonjwa huu ukirudi mapema namna ile, huwa umezoea dawa za kwanza. Kuna dawa nyingine, kali zaidi, na katika nchi zenye uwezo kuna hata kumbadilishia mtoto uboho. Hapa tulikuwa na sehemu ndogo tu ya hayo. Tulitumia tulichokuwa nacho. Vidonge vilimpa njaa tena kwa siku kadhaa, akadai bukari, akala tonge mbili akasukuma sahani. "Ugonjwa inashiba," aliniambia.

Mama aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa kwenye ile benchi. "Kama tungekuya kila wiki, angepona?"

Fikiria ungejibu nini. Nilimwambia kweli zote mbili. Kwa watoto wengi, ndiyo, kurudi ndiko kunakowaokoa. Kwa hilo sina shaka. Kwa huyu mmoja, sijui, kwa sababu nimeona watoto wasiokosa hata siku moja na bado ugonjwa ukarudi. "Sitasema nisichokijua, mama. Hata ili upumzike." Kisha akasema, "Asante," na nikaona kwamba ukweli wa pili aliuweka pembeni, na ule wa kwanza ndio alioubeba.

Mtoto alifariki kiangazi, ambacho kwetu huleta baridi, asubuhi moja kama zile ambazo watu huwasha makaa mlangoni. Kabla ya hapo alikuwa ameniomba nimhesabie, bila sindano. Nilihesabu. Nilipofika mwisho nilianza upya, polepole, kama alivyotaka, na baba yake alikaa upande wa pili wa kitanda, na mara ile aliigusa shuka.

Kwenye kilio palijaa watu. Wanaume waliketi nje kuzunguka moto, wanawake ndani juu ya mikeka. Mchungaji aliomba, kisha mama akasimama. Watu walitaka kumkalisha, maana mfiwa hasimami kusema. Hakukaa.

"Nilitoa ushuhuda mbele yenu," alisema. Sauti ile kubwa ilikuwa imebaki nusu. "Sikusema bongo. Mungu alinipa mutoto wangu na mashavu, akacheza, akaruka kamba. Hiyo ilikuwa kweli. Lakini nilifunga kabla dawa haijaisha. Leo nafungua. Yule mwenye iko na mutoto ku hopital, atoe shukrani kila siku, aimbe kila siku. Ushuhuda ya kufunga, angoje siku docta anasema, leo njo dawa ya mwisho." Akanigeukia. "Mama Docta, eleza. Vile unaelezaka."

Nikasimama katikati ya mikeka, nikaeleza. Uboho, chembe changa, zile zilizojificha. Mwanamke mmoja alinirudisha nyuma, nikarudi. Yule aliyekuwa akingoja mimba aliuliza kwa nini mtoto anenepe kama hajapona, nikaeleza vidonge. Hakuna aliyeharakisha. Mama alisikiliza yote, jambo alilolijua kunishinda, akiitikia kwa kichwa kila nilipofika mahali sahihi.

Sasa katika kanisa lile familia husimama mbele kushukuru bila wazee kusimama kufunga, na dada mmoja wa kwaya hupewa kazi ya kumsindikiza mtoto siku ya sindano, na sare yake. Watoto bado wanatupotea, kutoka makanisa mengine na kwa sababu nyingine, na bado natafuta. Nikiwatembelea siku hizi sibebi mfano wowote. Nauliza kwanza: mlimwambia nani kwamba amepona?

Nawe, kama nyumbani kwako au kwa jirani yako yuko mtoto anayetibiwa saratani, na amenenepa, na anacheka, na umeambiwa ugonjwa hauonekani, furahi kweli. Kisha siku hiyo hiyo, kabla hujatoka hospitalini, muulize daktari wake: "Dawa ya mwisho ni lini?" Waambie tarehe hiyo ndugu, majirani na watu wa kanisani, kwa sauti, wote waijue. Na mpaka ifike, mtoto akiwa mzima au mgonjwa, mpeleke kila alipoitwa.